Pasipoti Ndani ya Joho

Jumatatu, 4 Agosti

Binti yangu kateuliwa! Chuo chake kinabadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha ng'ambo, na katika darasa zima wamemchukua yeye. Muhula mmoja. Miezi minne. Kaingia mbio na barua mkononi, kiatu kimoja mlangoni, kingine katikati ya sebule. Baba yake, mtu ambaye hata harusini hukaa kitini, kacheza. Mimi nikasema Bwana asifiwe, nikaenda bafuni, nikafungulia maji wasinisikie nikilia.

Daftari, nakwambia wewe tu. Dada yangu mkubwa alikwenda ng'ambo kujifunza ushonaji kwa miezi mitatu. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Hutuma picha, na katika kila picha amevaa koti. Mama yetu alifariki kitanda cha dada bado kimetandikwa.

Halafu ndege! Kitu kizito vile, kule juu kinashikiliwa na nini?

Barua inasema pasipoti yenyewe, si nakala, ifike ofisi ya chuo Jumatatu tarehe 11 kabla ya saa sita mchana. Isipofika, nafasi inakwenda kwa mwanafunzi wa akiba. Sentensi hiyo nimeisoma mara tano. Kuificha pasipoti si kuiba. Ni kuihamisha. Nimeliombea jambo hili na sijasikia katazo lolote.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeihamisha. Kwanza chini ya godoro. Mume wangu akajinyoosha baada ya chakula, akalalamika kiuno. Nikaitoa, nikaitia kwenye debe la unga. Saa hiyo hiyo binti akasema leo anakanda yeye, mama upumzike. Nilimnyang'anya debe kama mwehu.

Ndipo macho yakaangukia kazi yangu ya ushonaji. Majoho kumi na mawili ya kwaya, yote rangi ya damu ya mzee. Kifuani huweka kanvasi ngumu ili joho lisimame, na kati ya kanvasi na bitana, kile kitambaa cha ndani, pana nafasi nzuri. Nikaitia ndani ya joho langu mwenyewe (nami huimba, safu ya nyuma, sababu anaijua Mama Kwaya, kiongozi wetu), nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, harakaharaka kwa uzi wa kijani, nipate kulijua. Malaika asingeiona! Kisha nikakumbuka malaika huona. Sikuweza kula.

Jumatano, 6 Agosti

Nyumba imepinduliwa. Binti katafuta hadi ndani ya buli. Nami nimetafuta naye, tena kwa bidii kuliko wote, nikainua hata kapeti ambalo mimi mwenyewe nililigongomea misumari. Mchana kakaa sakafuni akalia bila sauti, kama alivyokuwa akilia alipokuwa na miaka mitatu. Moyo ulinikatika vipande.

Baba yake akasema tupige magoti, na mama ndiye aongoze sala. Mimi! Nikachagua maneno kama mtu anayevuka matope na viatu vyeupe. Nikasema, Ee Bwana, wewe unajua iliko. Wakaitikia amina.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwisha.

Nilikwenda kununua vifungo. Nimerudi, meza tupu. Binti, maskini, kasema alinionea huruma kwa jinsi ninavyohangaika naye, basi kayapiga pasi majoho yote na kuyafikisha kanisani. Yote kumi na mawili.

Nikakimbia. Mama Kwaya alikuwa keshagawa. Langu kalichukua yeye. Vipimo vyetu ni sawasawa, jambo ambalo kila mmoja wetu hulikana mbele za watu. Kasema, fundi, leo nakupa sifa zako, hili limenikaa kifuani kama la askofu. Miaka kumi na moja nangoja sifa kwa mwanamke huyu!

Akaongeza kwamba wanatuombea kuhusu hiyo pasipoti, maana kama Mungu hakupanga, hakupanga. Kisha kwa sauti ndogo: unajua kwamba wa akiba ni mwanangu? Sweta tayari nimemnunulia.

Sikujua! Jamani, nilitaka binti yangu asiende. Sikutaka mtu yeyote aende badala yake, sembuse mtoto wa huyu!

Ijumaa, 8 Agosti

Jaribio la kwanza. Nimekwenda kwake, nikasema nimesahau pini ndani ya joho, itamchoma. Kajibu amelivaa asubuhi nzima mbele ya kioo na hajachomwa na chochote isipokuwa wivu wa watu.

Jaribio la pili. Nimesema kushoto kumepanda, nilirekebishe. Akauliza kama nakiri kwamba nilishona vibaya. Nilitaka kukiri. Mdomo ukakataa. Ishirini na mbili ni miaka ya dada ng'ambo, lakini thelathini ni yangu kwenye cherehani, na sijawahi kukiri kosa!

Jumamosi, 9 Agosti

Mazoezi. Nimemwagia Mama Kwaya chai ili avue. Alikuwa amevaa gauni la kawaida. Joho kaliacha nyumbani, kabatini, kwa ufunguo. Kaniambia mkono wako una shida, fundi, kamwone daktari.

Sijalala siku mbili. Nikifumba macho namwona binti ofisini, mikono mitupu, saa ya ukutani inagonga sita. Nikiyafumbua namwona juu, ndani ya lile dude la chuma. Kote naogopa. Sijui niombe lipi.

Jumapili, 10 Agosti

Leo lazima niandike yote.

Kanisa limejaa hadi madirishani. Mama Kwaya mbele, kifua mbele zaidi. Kila akivuta pumzi, naiona kona ya pasipoti ikiinuka chini ya kitambaa. Ubeti wa kwanza, bandi imeshika. Wa pili, nikasikia tk. Wa tatu huinuliwa mikono yote miwili. Nikafumba macho.

Ikaanguka. Paa! Sakafuni, imefunguka, uso wa binti yangu ukitazama dari.

Minong'ono. Watu wakajumlisha haraka: mwanawe ni wa akiba, na pasipoti imetoka kifuani mwake. Mama Kwaya, ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti, alikosa sauti. Akanigeukia mimi, macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

Nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo niseme. Kilichotoka ni mwanzo wa ubeti wa nne. Niliuimba peke yangu, wote, hadi mwisho.

Binti akaja mbele. Akaiokota. Akalishika joho la Mama Kwaya, akaupitisha uzi wa kijani kati ya vidole, akanitazama. Kisha akawatangazia watu kwamba mama yake aliishonea kwenye joho ili iombewe pamoja na kwaya, akachanganya majoho, ndivyo alivyo. Kanisa zima, amina! Mchungaji akaiwekea mikono.

Nyumbani hakunigombeza. Kaniuliza tu, mama, ulikuwa unaogopa nini? Nikamwambia kuhusu kile kitanda. Kasema, basi changu usikitandike. Kiache kilivyo. Nitakuja kukitandika mwenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti

Pasipoti imefika, saa tatu na nusu. Nimemsindikiza binti hadi dirisha la ofisi ya chuo. Nimeishika mwenyewe njia nzima, na dirishani vidole vilichelewa kidogo kuachia. Kidogo tu. Karani alivuta mara mbili.

Jumamosi, 13 Desemba

Karudi! Tangu Alhamisi. Kanenepa, kajifunza kunywa chai bila sukari, na hana picha hata moja ya koti. Jambo la kwanza alikwenda chumbani akakitandika kitanda. Nilimtazama kutoka mlangoni, sikuingia.

Miezi minne niliogopa kila siku na hakuna nililoliogopa lililotokea. Nimeahidi mbele za Mungu, naandika hapa kwa wino: sitaingilia tena safari ya mtoto. Mtoto aende, arudi.

Saa kumi kapiga hodi Mama Kwaya. Zamu ya mwanawe kwenda ng'ambo imefika, anaondoka Januari. Kakaa kwenye kigoda changu cha kukatia nguo, mkoba mapajani. Hakuniita fundi. Kaniita mwenzangu. Kasema lile sweta alilonunua mwenyewe sasa hawezi hata kulitazama. Akauliza, akina mama wenzake huwezaje? Nikamwambia asali. Kasema kasali hadi magoti yamechubuka.

Akafungua mkoba, akatoa pasipoti ya mwanawe, akaiweka mezani kati ya mkasi na chaki.

Nimeitazama sana. Nimemwonea huruma mno. Na kosa la mara ile nalijua vizuri: ilikuwa bandi. Bandi haishiki mikono ikiinuliwa. Safari hii ni mashine, mistari miwili.

Nimemwambia alete joho.