Ombi la Ruhusa ya Kwenda Kuwekewa Uso wa Mgonjwa

Kwa Msimamizi wa Karakana ya Sare

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa kitini. Mimi naiandika nikiwa nimejilaza juu ya marobota ya kitambaa huku stoo, maana meza ya kukatia imeanza kuzunguka tena.

Naomba ruhusa ya kwenda ng'ambo kufanyiwa upasuaji wa uso. Najua utadhani natafuta urembo. Sivyo. Nataka kuharibiwa sura, na sababu zangu ni hizi:

1. Ile homa ya virusi iliyoipitia karakana nzima, wenzangu waliugua wakapona, yakaisha. Kwangu iliondoka ikaacha mizigo yake. Nikipanda ngazi za stoo, moyo unadunda kama cherehani ya kushonea maturubai. Nikishika mkasi, nasahau kama nakata kola au mfuko. Juzi nilikata suruali ya mlinzi ikatoka na miguu miwili ya kushoto, nawe ukanisema mbele ya watu. Hilo nalikubali. Mlinzi ana miguu ya pande zote mbili.

2. Tatizo ni mashavu. Nimejaliwa mashavu ya mviringo yanayong'aa, urithi wa upande wa mama, na hayana habari kabisa na yanayotokea chini ya shingo. Nikikuambia naumwa, unanitazama usoni na kusema, "Dada, mbona umenawiri hivyo?" Daktari alisoma vipimo vyangu akasema ni vizuri kuliko vyake. Wifi yangu aliponikuta nimelala mchana, aliuliza kama nina ujauzito. Na mume wangu, ambaye ni mtu mwema, siku hizi anaosha vyombo kwa kelele.

3. Kwa kuwa ugonjwa wangu hauonekani, nimeona dawa ni kuuonyesha. Nimemwandikia daktari bingwa wa upasuaji huko ng'ambo. Nimemwomba apunguze mashavu yote mawili, ayadidimize macho kidogo, na chini yake aniwekee vifuko, vile ambavyo wateja wake wengine huenda kutolewa. Nilipendekeza atumie hivyo anavyowatoa, visitupwe bure. Msaidizi wake alinijibu kwa heshima kwamba hawajawahi kuletewa uso mzuri wauharibu, ila daktari yuko tayari kujaribu.

4. Kimebaki kikwazo kimoja. Hawampasui mgonjwa. Wanataka cheti kinachothibitisha kwamba mimi ni mzima kabisa. Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe, kwani hakuna aliyeuthibitisha uzima wangu mara nyingi na kwa sauti kubwa kama wewe. Naomba uandike na kugonga muhuri kwamba siumwi, ili nikapasuliwe, ili nirudi na uso utakaokufanya uamini kwamba naumwa.

5. Ukikataa kwa sababu unaona hali yangu hairuhusu kusafiri, nitakuelewa, na safari yenyewe haitakuwa na haja tena. Tafadhali hilo nalo liweke kwa maandishi.

Wasalimie mafundi wa cherehani, watu wa pasi, na mkeo, ambaye aliniona sokoni akasema nimependeza. Nimemsamehe.

Mimi mtiifu wako, kila ninapoweza kusimama,
Mkataji wa meza ya dirishani

Nyongeza: Kabla ya kukuletea barua hii nilipitia studio kupiga picha ya pasipoti. Mpiga picha alinilenga, akaona ninavyoyumba, kisha akaishusha kamera. "Mama, picha tutapiga siku nyingine," alisema. "Wewe unaumwa." Nikamjibu kwamba watu wanasema nimenawiri. Akanisogezea kiti, akauliza, "Ulianza lini?" Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimweleza yote, wateja wakajaa mlangoni, naye hakunikatiza. Nilipomaliza nililia kidogo, halafu nikacheka, kwa sababu alikuwa ameniona na uso huuhuu, haujaguswa na kisu.

Basi cheti sikihitaji tena. Naomba siku chache za kulala, na kiti kirefu, ili nikate kitambaa nikiwa nimekaa. Na utakapopita mezani kwangu, niulize hali, kisha usubiri nijibu mwenyewe.