Mota Bora Kuliko Zote

Hakuna mota duniani iliyowahi kumtendea haki Mtaalamu. Zote zilimwonea. Huo ndio ukweli kama alivyousimulia mwenyewe, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea kuusimulia, tuuchukue hivyo hivyo.

Jina la Mtaalamu alijipa mwenyewe, kwa sababu watu walichelewa kumpa. Kazi yake ilikuwa fundi wa lifti. Lifti aliyokabidhiwa, kwenye jengo la ghorofa tisa lililojaa ofisi za bima, ilikuwa na karatasi mlangoni iliyoandikwa TUMIA NGAZI, na karatasi hiyo ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili kwa kuchakaa. Makarani wa bima walikuwa na mapaja ya wapanda milima. Ukimuuliza Mtaalamu, atakwambia tatizo la lifti ile ni mota.

Siku za kazi, basi, alikuwa fundi. Jumamosi alikuwa dereva wa mashindano! Usikurupuke, gari lenyewe lilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na liliendeshwa kwa rimoti. Klabu yao ilikodi ukumbi uliokuwa zamani bohari ya mazulia. Zulia moja kuukuu lilibaki sakafuni, na juu yake walipigilia mipira ya kumwagilia bustani kuchora njia yenye kona kumi na moja. Madereva walisimama juu ya jukwaa la mbao na rimoti zao, na watu wengine walisimama kwenye kona, kazi yao kugeuza magari yaliyolala kifudifudi. Mtaalamu aliwapa kazi nyingi watu wa kona.

Yeye alishindana katika daraja la mota sawa. Kanuni yake inaeleweka hata na mtu aliyesinzia: wote mnatumia mota ya aina moja, yenye waya uliozungushwa idadi ileile ya mara, imefungwa kwa lakiri nyekundu, na haifunguliwi. Kila dereva anatia mkono ndani ya sanduku na kutoa mota yake bila kuangalia. Nia ni kwamba ushinde mkono wa dereva, si chombo.

Kanuni nzuri sana, ila ilimwachia Mtaalamu tatizo. Kwa miaka minne nafasi yake bora ilikuwa ya sita, siku ambayo walikuja watu sita. Sasa kama mota ni sawa, nani wa kulaumiwa? Mtu mwingine angejitazama kwenye kioo. Mtaalamu aligundua kwamba mota si sawa. Alishuka jukwaani kila Jumamosi akieleza: ya leo ilikuwa nzito kuamka, ya juzi haikupenda unyevu, ya mwezi uliopita ilikuwa na kinyongo. Akadai mota zipimwe kwanza, kisha wanaojua wachague.

Mwenyekiti wa klabu, mfamasia mpole aliyezoea kusikiliza wagonjwa wakijieleza, alivumilia hadi uvumilivu ukamwishia. Wakati huo klabu ilikuwa imealikwa kwenye mashindano makubwa ya klabu kumi na kutakiwa kupeleka madereva watatu. Wawili walishajulikana, wakali ambao hakuna aliyebishana nao. Nafasi ya tatu ingegombewa Jumamosi moja tu, mbio moja tu, na watu kumi na wawili.

Nafasi hiyo Mtaalamu aliitaka kuliko usingizi. Tuseme kweli, alikuwa ameshaichukua. Alishaomba likizo kazini, na kazini wakaitoa kwa haraka ya kutia shaka. Alishamwambia kinyozi, muuza magazeti na makarani wa bima mmoja mmoja, walipokuwa wakipumzika kwenye ngazi za ghorofa ya tano. Asipokwenda angeuficha wapi uso wake?

Akamfuata mwenyekiti dukani, akaegemea kaunta mbele ya watu wenye vikohozi, na kumtaka amruhusu kupima mota zote kumi na mbili na kuwa wa kwanza kuchagua. Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani.

"Ukichagua wewe mwenyewe," alisema, "ukashindwa, hutasema tena ni mota?"

"Nikichagua mimi nikashindwa," Mtaalamu akajibu, "rimoti naweka chini, nasimama kwenye kona nageuza magari ya wenzangu mpaka mwisho wa mwaka."

Foleni nzima ya wenye vikohozi ilisikia.

Jumamosi ilipofika, Mtaalamu alitangulia ukumbini na mizani, kipima joto, mashine ya kuhesabu mizunguko na kitambaa cheupe cha kutandika mezani. Ungesema anafanya upasuaji. Alibana mota ya kwanza, akaiunganisha na betri, ikavuma hewani, akaandika idadi ya mizunguko. Kisha akaigusisha shavuni. Kisha akainusa. Wenzake waliofika walisimama kutazama. Kunusa ndiko kulikowashinda.

Mwenyekiti alipita akamkumbusha kwa upole kwamba mota hapo inazunguka bure, bila gari, bila kona. Mtaalamu alimjibu kwamba dawa nazo hupimwa kabla mgonjwa hajazinywa. Mwenyekiti, ambaye ndiye mwenye duka la dawa, akaenda zake kutafuta chai.

Baada ya saa mbili na nusu jibu likapatikana. Mota namba saba ilikuwa bora kuliko zote. Ilizunguka haraka kuliko zote na ilikuwa na harufu ya ushindi. Mota namba kumi na mbili ilikuwa ya mwisho, na Mtaalamu aliiweka pembeni kwenye kitambaa kama mtu anavyoweka pembeni jiwe alilolikuta kwenye wali. Tofauti kati ya saba na kumi na mbili ilikuwa ndogo kama tofauti ya vijiko viwili vya seti moja, lakini hilo hakulisema, kwa kuwa alikuwa amepoteza asubuhi nzima kulipata.

Akachukua namba saba. Ndipo alipoingia mama mkwe.

Huyu mama alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na alikuja kukaa kwa binti yake, mke wa Mtaalamu, ili goti lake lipone. Mke wa Mtaalamu ndiye aliyeandika matokeo ya klabu, kwa hiyo Jumamosi mama hakuwa na wa kukaa naye nyumbani. Akaja naye, na mama akapewa gari kuukuu la kujishughulisha. Ulikuwa mwaka sasa. Aliendesha akiwa amekaa kwenye kiti, yeye pekee aliyekaa jukwaani, na Mtaalamu alimchukulia kama samani ya ukumbi, ila ya kuamkiwa. Kwamba naye alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili lilikuwa jambo la kuchekesha tu.

Alimwamkia kwa heshima zote. Mama akaitikia, akakitazama kitambaa cheupe.

"Baba, mimi mambo haya siyajui. Nichagulie na mimi iliyo nzuri."

Hapa palikuwa na njia mbili. Mkwe mwenye utu angempa mama ya pili kwa ubora. Mtaalamu aliufikiria utu kwa muda wa kutosha kupiga chafya, kisha akainua mota namba kumi na mbili kwa mikono miwili, akainama kidogo, akamkabidhi.

"Hii itakufaa, mama. Ina utulivu."

Mama alimshukuru na kumwombea heri. Kumi waliobaki wakagawana zilizosalia kwa kutia mkono sandukuni kama kawaida, bila kunusa.

Mtaalamu hakuishia hapo. Mota yenye kasi hiyo, aliona, ni aibu kuifunga gia ndogo. Akaitoa ile ndogo, akafunga gia kubwa kuliko iliyopendekezwa, ili kwenye nyoofu, yaani njia isiyo na kona, gari liruke. Mtu mmoja alimuuliza kuhusu kona. Mtaalamu alisema kona ni za watu wasio na mota.

Mbio zikaanza, dakika nane. Na kweli! Kwenye nyoofu ya kwanza gari la Mtaalamu liliwapita watu watano kama wamesimama kununua kitu. Jukwaani akatoa sauti ya mtu aliyeonewa miaka minne na sasa amepata hakimu. Kisha kona ya kwanza ikafika, kwa kuwa kona zina tabia ya kufika. Gari halikuiona. Lilipanda mpira wa bustani, likapaa, likalala kifudifudi magurudumu yakizunguka kwa kasi ambayo hakuna mota nyingine ukumbini ingeifikia.

Mtu wa kona akaligeuza. Likaruka tena kama risasi hadi kona ya pili, na mtu wa kona ya pili akawa tayari ameshainama.

Mama mkwe alikuwa nyuma, anakuja polepole kwenye nyoofu na bila kupunguza sana kwenye kona. Kidole chake kiliachia kidogo kabla ya kila mpindo na kukaza katikati yake, jinsi mguu wake ulivyofanya miaka arobaini kwenye cherehani akishona shingo za mashati. Hakugonga mpira hata mmoja. Wenye haraka walipinduka mbele yake mmoja baada ya mwingine, naye akawapita akiwapa pole kwa majina yao ya utani.

Dakika ya tatu alimfikia mkwe wake. Kanuni inasema anayetaka kupita atoe sauti, na mama alikuwa mtu wa kanuni.

"Hodi, baba. Napita kulia."

Mtu afanye nini? Mama wa mke wako akibisha hodi, unafungua.

"Karibu, mama," Mtaalamu akasema, akasogeza gari.

Dakika ya tano mama akabisha hodi tena, maana alikuwa amemzidi mzunguko mzima. Akakaribishwa. Dakika ya saba akabisha hodi ya tatu, na safari hii sauti ya kumkaribisha ilitoka kama ya mtu aliyemeza kifuniko. Wakati huo namba saba ilikuwa imepata joto la pasi kwa ule uzito wa gia, na kutoka ndani yake ilikuja harufu ambayo Mtaalamu, pamoja na ujuzi wake wote wa kunusa, hakuitaja.

Mke wa Mtaalamu alisoma matokeo bila kuinua macho. Wa kwanza mama. Wa kumi na mbili mume wake.

Ukumbi ulipiga makofi. Mama alitikisa kichwa kwa haya. Nafasi ya tatu ilikuwa yake, na mambo yangeweza kuishia hapo kwa amani. Mtu angeweka rimoti chini, akaenda zake kwenye kona. Lakini Mtaalamu alikuwa ameshamwambia kinyozi.

Akapanda kwenye kiti na kukata rufaa. Alisema kwa sauti iliyofika mpaka ngazini kwamba, kwa heshima zote kwa mama yake, haiwezekani. Mota iliyoshinda imechezewa. Haiwezi kuwa na nguvu za kawaida. Akataka mota zote kumi na mbili zipimwe mbele ya watu, sasa hivi, na mwenyekiti mwenyewe, na matokeo yasomwe.

Mwenyekiti akamuuliza kama ana hakika. Mke wake naye akamuuliza, kwa sauti ndogo zaidi. Mama alichomoa mota yake na kuiweka mezani.

Ikachukua nusu saa. Mwenyekiti alizipima zikizunguka bure na zikivuta mzigo, akakagua lakiri moja moja, zote ziko salama. Kisha akasafisha miwani, na akasoma kwa sauti ileile anayosomea watu vipimo vya dawa.

"Mota yenye nguvu kuliko zote, hata baada ya kuchomwa: namba saba, ya Mtaalamu. Mota dhaifu kuliko zote, kwa kila kipimo: namba kumi na mbili, ya mama. Rufaa imekubaliwa kwamba mota si sawa." Akamgeukia Mtaalamu. "Ulipima sawasawa kabisa, bwana. Miaka yote minne ulikuwa unasema kweli, zinatofautiana. Leo ulikuwa nayo nzuri."

Watu kumi wakainama ghafla kukagua magari yao, wasije wakacheka. Mtaalamu alibaki juu ya kiti. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amethibitishwa na wataalamu, mbele ya mashahidi, na hakujua aweke wapi mikono yake.

Mke wake ndiye aliyefika kwenye kiini cha jambo. Aliiweka kalamu chini taratibu.

"Kumi na mbili ndiyo mbovu kuliko zote," alisema. "Na wewe uliijua asubuhi. Nani alimchagulia mama?"

Mtaalamu akaukumbuka ule utulivu aliousifia kwa mama, akaona haufai kutajwa. Alitamani lifti, yoyote, hata ile yake, ifike pale alipo na kumshusha chini asionekane. Aliona aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni, na haikuwa ya kushindwa tena. Alijaribu kumtazama yule mama aliyemwombea heri, akashindwa.

Mama mkwe aliinuka kwa kuegemea kiti, goti likalia. Akaichukua namba kumi na mbili mezani, akaipangusa kwa upindo wa kanga yake, akaitia mfukoni mwa mkoba. Akamwambia binti yake aache, mambo ya mchezo ni ya mchezo. Kisha akamgeukia mkwe wake, na usoni mwake hapakuwa na chembe ya ubaya, jambo ambalo ndilo lililommaliza kabisa.

"Baba, kule kwenye klabu kumi nao wanaruhusu mtu achaguliwe mota?"

"Wanaruhusu, mama."

"Basi likizo unayo, tutakwenda wote. Utanichagulia tena. Tafuta mbaya kuliko zote, kama ya leo, maana hizo nzuri nimeona zinavyokutesa."

Mtaalamu akashuka kwenye kiti. "Sawa, mama," akasema, akaenda kusimama kwenye kona ya kwanza, kusubiri magari ya wenzake.