Nilienda Chumbani Kufikiri

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka minane, baba akafa, na taabu yangu ikaanza. Leo mchana, hapa Bwera, taabu imenirudia. Safari hii imepitia televisheni niliyoinunua mwenyewe.

Anayetaka kucheka atoke kwenye hili grupu sasa. Nawapa dakika moja.

Wengi mnanijua. Shule niliishia darasa la pili, nikaenda Kabatoro kubeba chumvi. Ukubwani nikafungua kibanda cha video hapa Bwera, na kibanda kina sheria yake. TV inakaa mbele ya watu. Deki inakaa chumba cha nyuma, mlango umefungwa, waya unapita kwenye tundu la ukuta. Watu waone picha, mashine wasiione. Wakiiona, mmoja atabonyeza asipopajua, mwingine ataondoka nayo. Sheria hiyo ilinijengea nyumba.

Na ndiyo imenimaliza leo.

Tulikuwa na wageni. Mwalimu Bwambale, mstaafu, kutoka Nyakalengija, pamoja na dada yake Kabugho. Walikuja kumwomba binti yangu Biira aolewe na kijana wao. Biira ni nesi Kampala, na kazini hawakumpa ruhusa. Lakini kwetu binti lazima aulizwe mbele ya watu: hawa wageni unawajua? Asipojibu yeye mwenyewe, kikao hakuna. Tukapanga ajibu kwa laptop aliyoniletea Krismasi, nami niiunganishe na ile TV kubwa ya sebuleni, wote tumwone vizuri.

Tena kuna hili: baba wa binti hafurahi. Ananuna. Anasema atafikiri. Ukichekacheka mapema watadhani binti amekushinda nyumbani. Mimi nimenuna miaka miwili tangu Biira amtaje huyo kijana. (Moyoni nilikubali siku ileile. Msimwambie. Ah, anajua sasa.) Kitu kimoja tu kilinitisha: huyo mwalimu. Maana akiniona mimi mjinga leo, kesho atamwona binti yangu mtoto wa mjinga. Nilitaka aniheshimu. Basi. Hata gazeti la Kiingereza nililiweka mezani (upande wa mpira, ndio wenye picha).

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani mpaka kwenye migomba, kila kitu cheupe, kimya, kama dunia bado haijaamua kuanza. Nikatoboa tundu ukutani nyuma ya TV, pana mpaka sauti inapita. Laptop nikaiweka chumbani kwangu juu ya sanduku. Waya nikaupitisha, nikauchomeka nyuma ya TV. TV ikasema hakuna signal. Nikabonyeza rimoti mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mara ile picha ya laptop, mlima wenye theluji, ikaja sebuleni ukuta mzima! Nilikaa chini. Kijana wa Kabatoro aliyekuwa akichungulia televisheni ya tajiri kwenye ufa wa dirisha, leo ana mlima mzima sebuleni. Nadhani nilikaa pale saa nzima. Chai ikapoa mkononi.

Biira akapiga tukajaribu. Uso wake mkubwa, nikaona hata lile kovu la utotoni kwenye kidevu. Lakini yeye akasema, "Baba, mbona mimi naona kitanda?"

"Hiyo ni network."

"Network yenye blanketi la chui?"

"Biira! Kibanda cha video kilikuwa chako au changu?"

Akaacha kuuliza. (Hapo ndipo ningeokoka.) Hata mimi niliona kapicha kadogo ka kitanda pembeni mwa TV. Nikajua ni tangazo la magodoro.

Wageni wakafika saa tano. Mwalimu amenyooka, miwani inang'aa, anaongea polepole kama anaandika ubaoni. Kabugho yeye ni mfanyabiashara wa mpakani Mpondwe, mdomo wake haulipi ushuru. Wakasifu TV. Nikanuna. Mke wangu, Mama Masika, akawapa chai. Biira akaulizwa, akajibu kwa sauti iliyotoka pale ukutani tulivu kabisa: "Ninawajua." Nilitazama dari ili macho yasinisaliti.

Kisha Biira akasema, "Wazee samahani, naitwa wodini. Simu naiacha wazi." Picha yake ikawa giza.

Mwalimu akanigeukia. "Mzee, tumesikia la binti. Tunaomba na lako."

Nikainuka polepole. Nikashika fimbo. "Mwalimu, hilo ni jambo zito. Naenda chumbani kufikiri."

Nikatoka bila kugeuka nyuma. Ningegeuka, ningeona lile tangazo la magodoro limekua, limejaa TV nzima.

Chumbani nikafunga mlango. Suruali ya suti ilikuwa inanibana tangu asubuhi, nikaivua, nikaiweka juu ya kiti isijikunje. Halafu, ndugu zangu, nikacheza. Nilicheza ile ya kwetu ya kupiga miguu chini, lakini kwa vidole, wasisikie. Nikiwa na koti, tai, soksi ndefu, na bukta ya kijani. Mto nikaukumbatia, nikazunguka nao. Sebuleni nikasikia kicheko. Nikafurahi zaidi! Mama Masika anajua kuwachangamsha wageni, nikasema.

Nikachoka. Nikajilaza, macho darini. Mwanga wa dirisha ulikuwa laini, ukungu umebaki kidogo tu, na nikahisi kitanda kinaondoka na mimi taratibu. Nikaiona njia ya Kabatoro, nyeupe kwa chumvi. Nikamwona mama yangu amesimama mwisho wake na kanga yake ya bluu, mikono imejaa, hana haraka, kama amenisubiri pale miaka yote hii. Nikamwambia, kwa sauti, maana alikuwa mbali: "Mama! Mtoto wa mwalimu anamtaka mtoto wa mbeba chumvi. Unasikia? Mimi hata jina langu naliandika kwa shida. Lakini Biira nimemsomesha mpaka mwisho. Huyu mwalimu asinidharau tu, mama. Asinidharau."

Mama akacheka kidogo. Akageuka, akaenda.

Nikafuta uso. Nikavaa suruali. Nikanuna vizuri, nikatoka.

Nikafika sebuleni. Kabugho ameziba mdomo kwa kitambaa. Mama Masika hayupo. Nikakaa, nikakohoa.

"Nimefikiri," nikasema. "Nimefikiri sana. Sijaona njia."

Mwalimu akavua miwani. Akaifuta. Akafuta na macho. "Mzee wangu," akasema, "tumekuona ukifikiri."

"Mmeniona vipi?"

Kabugho akashindwa. "Ule mutu iko nacheza na mto! Baba, mukifikiri tena muvae suruali!"

Sikuelewa. Nikafuata macho yao mpaka kwenye TV. Kulikuwa na chumba cha mtu fulani. Chumba kizuri. Nikasema moyoni, huyu naye ana blanketi la chui kama langu. Ana kiti kama changu. Mlango ukafunguliwa pale ndani, akaingia mama mmoja mnene mwenye kitenge cha njano kuchukua kreti ya soda chini ya kitanda. Nikasema, huyu naye anafanana na Mama Masika. Yule mama akasimama, akainama, akasogea, uso wake ukajaa ukuta mzima, pua kama jembe.

"Baba Masika!" TV ikaniita. "Hiki kitaa kinachowaka kwenye laptop ni cha nini?"

Jamani.

Deki haikuwa na jicho! Deki zangu zote, miaka yote, hakuna hata moja iliyonitazama!

Nilitaka ukungu wa asubuhi urudi unifunike. Nikaangalia fimbo, nikaangalia mlango. Ndipo TV ikaongea tena, picha ikiwa bado ya kitanda, lakini sauti ya Biira, imejaa machozi na kicheko pamoja: "Baba, nilirudi zamani. Nimeona yote. Miaka miwili unaninunia, nalia Kampala peke yangu, kumbe unacheza?"

"Nilikuwa nafikiri," nikasema.

Mwalimu akainuka. Nikajua sasa anachukua kofia yake anaondoka. Akaja akakaa kiti cha karibu yangu, goti kwa goti.

"Mzee, baba yangu alibeba mizigo ya Wazungu kwenda mlimani," akasema. "Bila viatu. Ile chumvi tuliyokula nyumbani ilitoka Kabatoro. Labda ni wewe uliyeibeba. Ningekudharau kwa lipi?"

Ile sura ya kununa ilinitoka usoni kama kofia kwenye upepo. Na mbuzi wa mahari niliotaka waongezwe, nani angeniamini tena kwamba sitaki? Nikasema nimekubali. Tukala bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki, na Biira kutoka ukutani akatuombea chakula. Kabugho alicheka mpaka wakapanda gari kurudi, akanipungia mkono dirishani akiwa amekumbatia mfuko wake kama mto.

Basi. Nilianza na mgongo tu. Leo nina nyumba ya vyumba sita, mmoja wa kuta zake una tundu. Nina shamba la kahawa Nyakiyumbu. Pikipiki mbili. TV kubwa moja. Laptop moja, jicho lake nimelibandika plasta. Mkwe mmoja, baba yake ni mwalimu.

Na suruali ninayo. Ilikuwa kwenye kiti.