Trekta Inayonitii Mimi Peke Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Shajara, niwie radhi. Siku mia moja na kumi na nne sijakuandikia hata neno moja. Sababu ninayo, tena ya heshima: niliapa nisiandike mpaka trekta iwake. Haijawaka. Nimechoka kunyamaza.

Kwa ufupi. Tarehe 9 Novemba mke wangu alifunga mkoba wake akaenda kwa binti yetu, aliyekuwa amejifungua. Alisema mwezi mmoja. Huu sasa ni wa nne. Siku moja kabla ya kuondoka, tukiwa mezani na kaka yake, nilitamka kwamba ile trekta yetu kuukuu inanitii mimi peke yangu, na kwamba kazi ya mke wangu ni kushika kitambaa cha vumbi. Aliweka kijiko chini. Taratibu kabisa. Afadhali angevunja sahani.

Langoni alisema kwamba siku nitakapoiwasha mwenyewe nimpigie simu aisikie ikinguruma, naye atarudi. Nilidhani ananirahisishia! Nikaenda kuiwasha hata vumbi la basi lake halijatua. Tak. Tak tena. Halafu kimya.

Tangu hapo sijampigia. Nimpigie nimwambie nini? Sharti ni mngurumo. Binti hupiga yeye, huniambia mama anauliza kama kuna sauti yoyote. Mimi hujibu: karibu.

Kesho naanza upya, kwa nidhamu, hatua kwa hatua, kama nilivyofundisha darasani miaka thelathini na sita. Kwanza betri.

Jumanne, 4 Machi

Vichwa vya betri vimeota ukungu wa kijani. Vilihitaji brashi ndogo. Bafuni mna miswaki miwili. Wa samawati ni wake, aliusahau. Niliushika. Nilisimama nao muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Nikaurudisha kikombeni nikatumia wangu.

Nimeswaki kwa kidole na chumvi.

Kaka yake alipita. Ni fundi wa magari, mtaa mzima humwita Spana, na karakana yake iko chini ya mteremko wetu, hatua mia mbili. Aliegemea ua akauliza kama shemeji anahitaji mkono. Nilimjibu kwamba shemeji ana mikono miwili na elimu. Akasema elimu haina ubishi, ila hiyo betri ni maiti. Maiti huzikwa, haiswakiwi. Ukoo ule hauna adabu. Isipokuwa mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Dereva wa teksi amenipa betri yake ya akiba, mimi nitamwandikia barua ya kuomba kazi. Nilizungusha ufunguo. Stata ikazunguka kwa nguvu: nguu, nguu, nguu. Haikuwaka. Lakini nguu ni maendeleo makubwa kuliko tak.

Nilitaka kumpigia aisikie hiyo nguu. Nilikwisha kushika simu. Nikajizuia. Nguu si mngurumo, naye hajawahi kudanganyika.

Alhamisi, 6 Machi

Leo cheche. Kanuni ni rahisi: unatoa plagi, unaiacha kwenye waya wake, unailaza juu ya chuma cha injini, mtu mmoja anazungusha ufunguo na mwingine anatazama kama plagi inatoa cheche. Mtu mmoja na mwingine. Hapo ndipo kanuni inapoonea watu.

Nikabuni. Nilichukua kioo cha meza yake ya vipodozi, nikakifunga kwenye bomba la moshi kwa kamba, nikapanda kitini, nikazungusha ufunguo huku nikitazama kiooni.

Cheche sikuiona. Niliona mzee mwenye shati lililofungwa vifungo vibaya. Zamani kulikuwa na mtu wa kumwambia.

Nilirudisha plagi zote nne. Ya tatu niliikaza kwa nguvu zangu zote mpaka ikalia: kak! Ndiyo dalili ya kitu kilichokazwa sawasawa. Spana, ambaye sasa anakunywa chai yake ya asubuhi kwenye ua wangu, alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Akasema shemeji, plagi si kifuniko cha kisima.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya aibu. Naiandika kwa sababu shajara haidanganywi.

Niliwaita wanafunzi wangu sita wa zamani waje kuisukuma trekta ishuke mteremko, ili niiwashe ikiwa kwenye mwendo. Wana ndevu na vitambi sasa. Mmoja aliuliza kama hii ni adhabu ya yale madaftari ya darasa la sita ambayo hawakuyaleta. Nilimwambia asukume.

Ilishuka. Niliachia klachi mahali panapostahili. Trekta iliruka, ikapiga chafya hewa tupu, ikaendelea kushuka bila kuniomba ruhusa. Ilisimama yenyewe. Mahali ilipochagua kusimama ni chini ya kibao cha karakana ya Spana, kana kwamba imeelekezwa.

Spana aliuliza kama shemeji amekuja kama mteja au kama mpita njia. Nilisema mpita njia. Wale sita walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Hakungoja ruhusa. Alifungua boneti, akabandua vibanio viwili, akainua kofia ya distribyuta, kile kikombe cheusi ambako waya za plagi zote hukutana. Akatazama ndani. Akaniita nami nitazame. Hamkuwa na kitu.

Alinieleza polepole, kama ninavyoeleza mimi. Humo hukaa kidude kinachoitwa rota, kikubwa kama kidole gumba. Kazi yake kugawa umeme kwa plagi zote nne. Kisipokuwepo, hata ukifunga betri ya meli, cheche hazifiki popote. Akasema hakikuvunjika. Kimetolewa, na aliyekitoa ni mstaarabu, maana amerudisha vibanio. Kisha akaniuliza, bila kucheka safari hii, nani alikuwa akifunga boneti kila trekta ilipomaliza kazi.

Nilitazama kibao chake. Herufi zimepangwa vizuri, lazima nikiri.

Jumapili, 9 Machi

Nilimpigia. Siku ya mia na ishirini. Niliandika kwanza ajenda kwenye karatasi: salamu, afya ya mjukuu, hali ya hewa, rota.

Simu haikumaliza hata mlio wa kwanza, akapokea. Alisema haloo kwa pumzi ya mtu aliyekimbia. Ajenda ikaniponyoka mkononi, nikaanza na hali ya hewa.

Nilipofika kwenye rota, alisema ndiyo, anayo, iko mkobani. Kwamba tangu trekta ya jirani ilipoibwa, miaka kumi na tisa iliyopita, huitoa kila kazi inapokwisha na kuirudisha kabla sijamaliza chai. Miaka kumi na tisa! Nilidhani anafuta vumbi.

Akasema alitazamia ningeuliza siku ya pili. Akangoja ya tatu. Baadaye akaacha kuhesabu, akawa anangoja tu.

Halafu akanipa njia mbili. Anaweza kuituma rota kwa dereva wa basi. Au niifuate mwenyewe. Chumba kipo, chai ipo, mjukuu ana paji la uso kama langu. Nilimwambia aitume, kwa kuwa sharti ni sharti, na mimi si mtu wa njia za mkato. Akasema, “Haya, Mwalimu.”

Nimeirudia hiyo haya siku nzima. Sijaipatia sauti yake.

Jumatano, 12 Machi

Kifurushi kimefika. Rota ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa chake cha kichwa, fundo lake lile lile la kukaza mara mbili. Kitambaa kina harufu yake ya mafuta ya nywele. Ilinichukua nusu saa kulifungua fundo. Si kwamba lilikuwa gumu.

Spana alinionyesha pa kuichomeka. Nikazungusha ufunguo. Iliwaka! Papo hapo! Kuku wakatawanyika, moshi ukafunika karakana, Spana akapiga makofi na mimi, sioni haya kuandika, niliruka.

Nikampigia. Nikaielekeza simu kwenye injini, nikahesabu mpaka sitini. Nilipoiweka sikioni alikuwa anacheka, au kitu kinachofanana na kucheka. Alisema ameisikia. Sharti limetimia, mkoba wake umefungwa tangu Januari, nije kesho nimchukue. Akaongeza kwamba silinda moja inakosa moto, anadhani ya tatu, lakini si neno. Nije tu hivyo hivyo, kwa trekta, kwa basi, kwa miguu. Sauti yake ilitetemeka. Bila shaka ni mtandao.

Alhamisi, 13 Machi

Ya tatu kweli inakosa. Ameisikia kwa simu, akiwa mbali mwendo wa basi wa saa nne! Mwanamke mwenye sikio kama hilo hafuatwi hivyo hivyo.

Spana anasema ni plagi, niliivunja mwenyewe kwa kukaza, nyingine iko kwenye droo yake, dakika tano. Anasema pia kwamba niache yote, nipande basi, trekta ataishughulikia yeye. Nimekataa. Mimi nashuku waya. Jambo la namna hii haliharakishwi. Nimemkumbusha kwamba amejionea kwa macho yake: inanitii mimi peke yangu.

Basi la asubuhi lilipunguza mwendo karibu nami. Dereva alifungua mlango, akangoja. Nilikuwa na spana mkononi na kitambaa cha mke wangu mfukoni. Nilimwashiria aende.

Binti amepiga. Mama anauliza kama nimeshatoka. Nimejibu: karibu.

Mswaki wa samawati nimeuhamishia kwenye kikombe safi. Kuhusu ile silinda, nikishaamua kama ni plagi au ni waya, Shajara, wewe utakuwa wa kwanza kuandikiwa.