Bafu Letu Limekuwa Chumba cha Giza

Jumapili, 7 Juni

Harusi ya shemeji imekwisha, na picha zote ninazo mimi! Mkanda mmoja tu, ndani ya kamera yangu ya zamani. Yule mpiga picha wa studio nilimwahi mapema: niliuambia ukoo mzima kwamba vidude vyake vya kisasa havina roho. Alikuja kama mgeni tu, akanuna kwenye kiti cha nyuma. Raha iliyoje!

Baba mkwe aliruhusiwa kutoka hospitali kwa muda mfupi, akapiga picha na binti yake bibi harusi, akarudishwa kitandani. Shemeji anahamia mbali Alhamisi, yeye pamoja na mumewe. Anasema zingine zote zikipotea sawa, ila hiyo moja anaitaka. Nimemwambia ahesabu kwamba anayo tayari.

Jumatatu, 8 Juni

Bafu sasa ni chumba cha giza. Blanketi dirishani, selotepu kwenye kila ufa, beseni la kufulia limejaa dawa. Mke ameuliza watu wataoga wapi. Nimemjibu kwamba sanaa ina gharama zake. Amesema hiyo gharama inanuka.

Muuza dawa za picha naye ana mdomo! Eti mkanda unasafishwa gizani kabisa, ukipata mwanga wowote unaungua; taa nyekundu ni ya kusafishia karatasi za picha tu. Nilimkatiza. Mambo haya nayajua. Balbu nyekundu nimeshaifunga, inapendeza ajabu.

Jumanne, 9 Juni

Nimejifungia. Jasho. Nikauchomoa mkanda chini ya taa yangu, nikauona vizuri kabisa (nawahurumia wanaopapasa!), nikautumbukiza kwenye dawa.

Hapo mama mkwe akagonga. Anataka bafu. Nikamwomba avumilie, nimeshika maisha ya watu. Akasema yeye ameshika tumbo. Akagonga tena, kwa kiganja. Kitasa kikacheza! Nikaukandamiza mlango kwa mgongo, beseni nimelikumbatia, namwomba Mungu. Shemeji akaja kumsihi mama yake asifungue. Nilisikia sauti yake ikikatika.

Mlango haukufunguka. Ushindi!

Nikautoa mkanda. Mweusi tii, mwanzo hadi mwisho. Hakuna bibi harusi, hakuna baba. Shemeji hakunigombeza. Alikaa chini ukumbini akalia, nami niliona aibu ya kutosha mwaka mzima. Nikawalaumu waliotengeneza mkanda.

Jumatano, 10 Juni

Mke kampigia simu yule wa studio. Kaja mbio, hana hata kinyongo. Inaudhi sana. Tukaenda wote hospitali. Shemeji akavaa shela upya, akaketi kitandani kwa baba yake. Baba mkwe akasema afadhali leo yuko peku, siku ile viatu vilimbana. Wakacheka wote wawili, na hapo hapo picha ikapigwa. Nzuri. Nakiri kwa uchungu.

Chumba kilikuwa na giza kidogo, hivyo fundi huyo akaniomba nimshikie taa na nisiguse kitu kingine chochote. Nimemwelewa. Hata mpinzani wangu ameona kwamba mambo ya mwanga ndiyo fani yangu. Jirani mwenye mahafali ya bintiye wiki ijayo nimeshamwambia asihangaike kutafuta mpiga picha.