Malalamiko Kuhusu Kidonge Kilichonifundisha Kusuka

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Utafiti wa Vidole na Ubongo,

Ko, ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko. Nimejaribu kuwaeleza watu wa nyumbani sauti ya mashine yenu ya kupiga picha za ubongo nikashindwa. Mfano wa karibu niliopata ni fundi bati aliyekosana na bati lake. Bado ninayo kichwani, nayo ndiyo imeniketisha niandike barua hii, kwa heshima zote, kama mshiriki wenu mtiifu ambaye hakuwahi kuruka kidonge.

Nijitambulishe, maana najua kwenu sisi ni namba. Mimi ni yule msichana mwembamba aliyeuliza maswali mengi mpaka msaidizi wako akajifanya simu yake inaita. Nina digrii ya falsafa na ninaosha nywele za watu katika saluni ya shangazi yangu. Ninaosha tu, kwa sababu kusuka kulinishinda. Shangazi alinifundisha hadi akachoka, akasema vidole vyangu vinafikiri mno.

Kwa hiyo niliposikia mnatafuta watu wenye afya njema wa kumeza kidonge kila siku, kisha kulala ndani ya mashine wakijifunza kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu, nilijiandikisha palepale. Mlitueleza vizuri. Baadhi yetu tungepewa dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, na wengine kidonge cha unga mtupu, wala ninyi wenyewe msingejua nani kapata nini. Mlitaka kuona kama dawa hiyo hubadilisha namna sehemu za ubongo zinavyowasiliana wakati mikono inajifunza jambo jipya. Nilikubali yote, nikatia sahihi. Sasa nalalamika kama ifuatavyo.

1. Vidole vyangu vilijifunza bila kunishirikisha. Nilipokuwa nikiufuata ule mpangilio wa vitufe kwa akili, nilikosea kila mara. Nilipochoka kufikiri, vidole vikaenda vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kama watoto wanaojua njia ya shule. Msaidizi wako aliniambia ndivyo mnavyotarajia: mtu akizoea kazi, baadhi ya sehemu za ubongo hupunguza maongezi. Daktari, kichwani mwangu maongezi hayajawahi kupungua tangu nizaliwe. Mimi hujadiliana na nafsi yangu kabla ya kufungua friji. Leo watu humo ndani wananyamaza tu, bila hata kuniaga?

2. Mlinizawadia picha ya ubongo wangu. Shangazi aliibandika ukutani katikati ya picha za mitindo ya nywele. Nilimsihi aitoe, akasema, "Acha na wewe uonekane, mwanangu." Haikuchukua muda akaja mama mwenye duka la vitambaa. Akaukagua ukuta mzima, akaweka kidole juu ya ubongo wangu, akasema, "Nisukeni huu. Mistari yake imetulia." Saluni nzima ikaangua kicheko. Mimi niliudhika kwa sababu za kitaaluma, maana hakuna kitu kichwani mwangu kilichowahi kutulia. Shangazi, ambaye hajawahi kumrudisha mteja, akanisukumia chanuo: "Haya, msomi. Kichwa ni chako, msuke mwenyewe."

3. Nikasuka. Vidole vilishika nywele kwa mpangilio wenu wa vitufe, nami nikasimama nyuma yavyo kama mtazamaji. Mstari ulipinda, ukarudi ulikotoka, ukapita juu ya sikio kama mtu aliyesahau funguo ndani. Nilipomaliza, mama yule alijigeuzageuza mbele ya kioo, akaupapasa ule mstari wa juu ya sikio kwa kidole.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Samahani, mama. Ni utafiti."

"Samahani ya nini? Kesho nawaleta wanangu."

Tangu siku hiyo wanawake wananyoosha kidole ukutani na kuomba "ule wa ubongo." Wananisifu. Mtu ambaye amejiandaa maisha yake yote kutoeleweka, mnamtaka aziweke wapi sifa?

4. Hili ndilo kosa lenu kubwa. Mlifanya nifurahi. Mliponichukua mliniuliza kama nina huzuni ya muda mrefu, nikajibu hapana, kwa moyo safi kabisa. Nilidhani kila mtu huamka na jiwe kifuani, akalisogeza kidogo ili apate nafasi ya kupiga mswaki. Nilidhani ndiyo tabia yangu, kama wengine walivyo na sauti nene. Halafu, katikati ya vidonge vyenu, asubuhi moja nikasikia mtu anaimba bafuni. Nikakereka sana. Nikanyamaza ili nimsikie vizuri, naye akanyamaza. Ndipo nikajua ni mimi. Shangazi akapaza sauti kutoka jikoni, "Kumbe una sauti mbaya hivyo! Miaka yote umetusitiri!" Nikacheka hadi nikaegemea ukuta. Daktari, kabla ya utafiti wenu sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mtu makini. Ninyi ndio mmenionyesha tofauti, na tofauti ikishaonekana haifunikiki.

5. Vidonge vimekwisha na jiwe limerudi mahali pake. Kusuka bado nasuka. Vidole ni vizima, vinachapa kazi, vinashukuru. Tatizo ni huyu anayevibeba. Juzi mteja alinisimulia kichekesho kirefu, na kilipofika mwisho nikamwambia, "Pole."

Nilimpigia simu msaidizi wako kumuuliza nilikuwa nameza nini. Akasema siri haifunguliwi mpaka mshiriki wa mwisho amalize. Kisha, kwa upole ulionikera, akasema, "Lakini dada, kama hujisikii vizuri, usitusubiri sisi. Mwone daktari." Nikamweleza kwamba siwezi kumwona daktari kabla ya kujua kama naumwa, na siwezi kujua kama naumwa kabla ya kujua nilimeza nini. Kama ilikuwa dawa, basi naumwa. Kama ilikuwa unga, basi nilijiponya mwenyewe, na sasa ni uvivu tu unaonisumbua. Ilikuwa hoja nzuri sana. Nilijipongeza, nikakata simu, nikalala mchana kutwa na viatu miguuni.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kama ilikuwa dawa, nirudishiwe. Kama ilikuwa unga, niletewe unga uleule, kutoka mfuko uleule, na mniapie kwamba ni dawa. Mniapie vizuri, maana mimi si rahisi kudanganywa. Kama hamwezi kufanya lolote kati ya hayo, basi tuwagawie vidonge wateja wote wa saluni, nusu dawa, nusu unga, tuone ni nani atakayeimba. Shangazi amekubali kuwa Daktari Mkuu, kwa kuwa koti jeupe analo tayari, lile la kupakia rangi ya nywele. Kazi yako, Mheshimiwa, itakuwa kufagia.

Mpaka nitakapojibiwa kwa maandishi, sitamwona daktari yeyote, na lawama za asubuhi zangu zote ziwe juu yenu.

Nisalimie msaidizi wako na simu yake. Nisalimie yule mama anayewafunika watu miguu kwa blanketi kabla mashine haijaanza. Hakuna aliyenifunika miguu tangu nikiwa mdogo, na nilisahau kumshukuru. Wasalimie washiriki wenzangu nisiowajua, wa dawa na wa unga, hasa huyo wa mwisho, na mwambieni afanye haraka.

Wenu kwa utiifu na manung'uniko,
Mwosha nywele, sasa msusi, bila kupenda.

Nyongeza: Nilimsomea shangazi barua hii akiwa anasuka, kwa kuwa nilijivunia hoja zangu, hasa ile ya tano. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka pale nilipotaka acheke. Akasema, "Mwanangu, una njaa leo, halafu unagombana na watu kuhusu chakula cha mwaka jana." Nikaikunja barua, nikaikunjua tena. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akaniangalia kwenye kioo, akaniangalia tena, akasema taratibu, "Nenda, mdogo wangu. Mimi nilikwenda."

Jana nilikwenda kliniki. Daktari wa pale ni kijana mwenye mafua. Nilimwambia nina huzuni ambayo sikumbuki ilianza lini, na hakunidai ushahidi. Tulizungumza. Amenipa dawa ambayo jina lake limeandikwa waziwazi kwenye kopo, akanionya kwamba haitafanya kazi kwa siku moja, na amenitaka nirudi tuendelee kuzungumza. Barua naituma hata hivyo, kwa kuwa stempu nimeshabandika. Kidonge cha kwanza nimekimeza leo kabla hatujafungua saluni. Siri yenu ikifunguliwa, msinipigie.