Neno Duka na Magari Kumi na Manne

Jumatatu, 4 Agosti
Nimehesabu tangu asubuhi. Magari ya watalii yaliyosimama dukani kwa Hyasinta, ng'ambo ya barabara: kumi na manne. Kwangu: matatu, na moja lilikuwa na pancha. Vinyago vyetu ni vilevile, tunachukua kwa fundi mmoja! Nilikuja Karatu na kapu moja, sikubebwa na mtu. Nitampita kwa akili.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata! Mwalimu mstaafu aliyelala gesti ya jirani kaniambia neno duka lina ukoo mkubwa. Waarabu na Waturuki, dukkan. Wahindi, dukan. Sisi tumelikata mkia, kwenye wingi tukalivisha ma-. Moloimet, mteja wangu Mmasai wa Arash, kasema kwao ni enduka, tena ni neno la jinsia ya kike. Mke wangu Margareth akadakia: ndiyo maana la Hyasinta linauza. Sikucheka. Lugha tano zisizo na undugu hata wa kusingiziwa, neno moja! Mtalii gani atapita bila kusimama?

Jumatano, 6 Agosti
Ubao wa kuwafundishia watalii neno duka tayari. Kona inayoonekana vizuri toka barabarani ni ya choo. Nimekifunga, ubao nimeugongomea mlangoni. Margareth kauliza wageni watachimba dawa wapi. Nimemjibu anayepata elimu hakumbuki mkojo.

Alhamisi, 7 Agosti
Dereva Joel kaniletea wageni tisa wa kwenda Ngorongoro. Somo: dakika arobaini. Dakika ya kumi na mbili, nikiwa Uturuki, mama mmoja akauliza choo. Nikamwambia avumilie, Umasaini si mbali. Akavuka barabara. Wakamfuata wawili, kisha wanne. Nilipofika kwenye ngeli nilibaki na wawili, mmoja kasinzia. Wale saba wakatoka kwa Hyasinta na vikapu, vinyago, na twiga aliyemzidi urefu mbebaji wake. Joel kafoka: mzee, geti lina saa zake, wewe unanizungusha Uturuki! Kaapa kuanzia leo anasimama ng'ambo. Hyasinta kanipungia mkono, kaniita shemeji, kanishukuru kwa wageni. Shemeji!

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Kwa Hyasinta: kumi na saba. Kwangu: sifuri. Margareth kasema nifungue choo, kasema mara nne. Nimepiga hesabu kwa utulivu. Watu tisa, dakika arobaini, wima, juani. Miguu! Tatizo ni miguu. Fundi analeta mabenchi matatu kesho. Na kwa kuwa watakuwa wamekaa, somo litafika saa nzima: naongeza neno meza, la Wareno.